Hadithi ya saa mia moja, mwisho wa rangi tatu

Mnamo Machi 2012 kampuni ya BioWare, yenye makao yake Edmonton nchini Kanada, ilitoa Mass Effect 3, gemu ya kuhitimisha masimulizi ya safari za anga yaliyoanza Novemba 2007. Mwezi haukuisha kabla ya wachezaji kuja juu kwa sababu ya mwisho wake. Kundi moja lilichangisha zaidi ya dola 80,000 na kuzipeleka kwa Child's Play, shirika linalowapa watoto waliolazwa hospitalini vitu vya kuchezea, ili dunia isidhani kwamba wao ni watu wa matusi tu. Wengine waliagiza keki ndogo zipatazo 400, nyekundu, buluu na kijani, zikapelekwa ofisini kwa BioWare. Rangi zilikuwa tatu, ladha ilikuwa moja. Mchezaji mwingine alifika hadi kwa tume ya Marekani inayolinda wanunuzi, akidai kwamba alichouziwa sicho kilichotangazwa.

Wengi waliosikia habari hizo kwa mbali walisema ni utoto: watu wazima wanalilia mchezo. Mimi nasema walikuwa na haki. Nasema pia kwamba huku kwetu Kericho na Bomet, penye mashamba ya chai yasiyoonekana mwisho, tuna sababu yetu wenyewe ya kuuelewa uchungu huo. Kiini cha masimulizi yale ni ugomvi kati ya watu na mashine walizoziunda ziwafanyie kazi, na ugomvi huo tunaujua.

Kwanza tueleze gemu yenyewe. Unacheza kama Kamanda Shepard, mwanamume au mwanamke upendavyo, kiongozi wa chombo cha anga kiitwacho Normandy. Adui ni Reapers, mashine kubwa mno zinazojificha nje ya galaksi, ambazo hurudi kila baada ya miaka 50,000 kuvuna mataifa yote yaliyoendelea, kisha zikatoweka. Hadi hapo ni hadithi ya kawaida ya vita vya angani. Kilichoitofautisha ni kwamba uamuzi wako haukufutika. Katika gemu ya kwanza, kwenye sayari ya Virmire, wanajeshi wako wawili wamekwama sehemu mbili tofauti na unaweza kumwokoa mmoja tu. Unayemwacha anakufa. Unapofungua gemu ya pili mwaka 2010, kisha ya tatu mwaka 2012, kumbukumbu yako ya zamani inasomwa, na yule uliyemwacha hayupo. Uliyemhurumia miaka mitano iliyopita anakujia kukushukuru au kukusaliti. Kuzicheza zote tatu kwa utulivu kunamaliza takriban saa mia moja, na kwa saa hizo zote unaambiwa jambo moja: unachoamua kina uzito.

Masimulizi ya namna hii hayana makao rahisi huku. Ingia Jumamosi kwenye kibanda chochote cha gemu mjini Kericho, Litein, Sotik au Bomet, utakuta FIFA, na siku hizi mrithi wake mwenye jina jipya, ambazo zote ni za Electronic Arts, kampuni ile ile iliyoichapisha Mass Effect. Vijana hulipa kwa mechi. Aliyefungwa humpisha mwenzake. Gemu ya hadithi haiwezi kuishi hapo. Inataka usiku mzima, na inataka kumbukumbu isiyoguswa na mtu mwingine, maana ukitoka tu kibandani mwenzako ataanza upya juu ya pale ulipoachia na kazi ya wiki nzima imepotea. Kwa hiyo walioifuata Mass Effect waliifuata nyumbani, kwenye kompyuta zilizopitia mikono mingi, wakiombea stima isizime. Na stima yetu inajulikana. Milima hii hupata mvua alasiri nyingi za mwaka, na Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa sana na mvua ya mawe duniani. Ngurumo ikipiga upande wa Mau, mchezaji mwenye akili hahitaji kuambiwa: anahifadhi papo hapo.

Mimi niliimaliza nikiwa Konoin, katika nyumba ambayo dirisha lake linatazama chai. Nataka nikae kidogo kwenye sehemu ya gemu iliyonishika kuliko zote, kwa sababu bila kuielewa sehemu hiyo hutaelewa kwa nini mwisho uliuma.

Katika ulimwengu wa Mass Effect kuna taifa la Waquarian. Zamani, Waquarian waliunda mashine zinazoitwa Geth ziwe vibarua na watumishi wao. Kadiri Geth walivyoongezeka na kuunganishwa pamoja, ndivyo walivyozidi kuwaza. Siku moja mmoja wao akamuuliza bwana wake kama yeye ana roho. Waquarian wakaingiwa na hofu, wakaamua kuwazima wote. Geth wakajitetea, wakashinda, na Waquarian waliobaki wakakimbia sayari yao ya Rannoch. Kwa takriban miaka 300 wakaishi ndani ya vyombo vya anga, wakivaa mavazi yaliyofunika mwili mzima, kwa sababu kinga ya miili yao ilikuwa imedhoofika hata chafya ingeweza kuwaua.

Katika gemu ya tatu Waquarian wanarudi kuipigania Rannoch. Unaweza kuchagua upande mmoja, na upande wa pili ukafutika kabisa mbele ya macho yako. Lakini ikiwa tangu gemu ya pili uliwasikiliza wote, ukamtetea rafiki yako Tali aliposhtakiwa na wazee wake kwa uhaini, ukaamini ushauri wa Legion ambaye ni Geth, ukawapatanisha hao wawili walipogombana ndani ya chombo chako, basi njia ya tatu inafunguka. Unawaambia manahodha wa Waquarian wasitishe mizinga, nao wanasita, kisha wanatii. Legion anajitoa ili wenzake wawe na nafsi kamili. Baadaye unasikia kwamba Geth wameanza kuingia katika mavazi ya Waquarian na kuwasaidia miili yao kuzoea tena vijidudu vya nyumbani, ili siku moja wavue vinyago na kupumua hewa ya sayari yao. Mashine inamfundisha aliyeiunda jinsi ya kurudi nyumbani. Sijakutana na gemu nyingine iliyoandika jambo hilo kwa ukarimu kama huo.

Sasa tazama nje ya dirisha. Kwa vizazi kadhaa, tangu makampuni ya Uingereza yalipoanza kupanda chai kwa wingi hapa katika miaka ya 1920, kazi ya shambani ilikuwa ya vidole: majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni, foleni ya mizani, ncha za vidole zilizogeuka rangi ya kahawia na zisizotakata hata kwa sabuni. Kisha zikaja mashine za kuvuna, zenye visu na mfuko wa kukusanyia, zinazopita juu ya michai na kuacha nyuma meza ya kijani iliyonyooka. Mashine moja hufanya kazi ya makumi ya watu kwa siku. Kikosi kazi kilichoundwa na serikali ya kaunti kilikadiria Machi 2023 kwamba Kericho pekee ilikuwa imepoteza takriban nafasi 30,000 za kazi kwa mashine katika mwongo mmoja. Mwezi Mei mwaka huo huo hasira ikalipuka: mashine tisa za kampuni ya Ekaterra, iliyokuwa ikimiliki chapa ya Lipton, ziliharibiwa, nyingi kwa moto. Mwandamanaji mmoja alipoteza maisha. Askari na wafanyakazi walijeruhiwa.

Kikosi kazi kile kilipendekeza uwiano: asilimia 60 ya uvunaji ifanywe kwa mashine, 40 kwa mikono. Kuna wanaoona 40 ni kidogo mno, na wenye mashamba wanaosema gharama ya mikono inawalemea bei ya mnada wa Mombasa ikishuka. Hakuna aliyeridhika. Lakini hilo ni jibu lililotoka kwa watu waliokaa kitako, wenye majina na nyuso, wakabishana juu ya maisha yao. Ndiyo kazi ile ile anayoifanya mchezaji kule Rannoch. Mass Effect Legendary Edition, inayokusanya gemu zote tatu, ilitoka Mei 2021, na vijana wa huku walioipata walikuwa wakipatanisha Geth na Waquarian usiku, huku asubuhi wakisikia mlio wa mashine ambayo imechukua nafasi ya shangazi zao shambani.

Basi turudi kwenye mwisho wenyewe. Shepard, akiwa hoi na akivuja damu, anapandishwa hadi kileleni mwa kituo kikubwa cha anga kiitwacho Citadel. Huko anakutana na kiumbe mwenye sura ya mtoto mdogo, ambaye hatujawahi kumsikia katika gemu tatu hizi. Mtoto huyo anaeleza kwamba yeye ndiye anayewaongoza Reapers. Hoja yake ni hii: viumbe walioundwa watawaasi waundaji wao siku zote, kwa hiyo ni afadhali mataifa yaliyoendelea yavunwe kabla hayajaunda mashine za kuangamiza uhai wote. Kisha anatoa njia tatu. Nyekundu: waangamize Reapers, pamoja na kila mashine yenye akili, Geth wakiwemo. Buluu: watawale Reapers. Kijani: changanya miili ya viumbe wote na mashine.

Na Shepard anasikiliza tu, anauliza maswali mawili matatu, kisha anachagua.

Nje ya kituo kile, wakati huo huo, meli za Geth na meli za Waquarian zinapigana bega kwa bega kuitetea Dunia. Mchezaji aliyewapatanisha ana ushahidi mkononi kwamba hoja ya mtoto huyo ni uongo. Gemu haikumpa hata sentensi moja ya kusema hivyo. Hapo ndipo penye kosa, na kosa hilo ni kubwa kuliko rangi. Kifo cha Shepard hakikuwa tatizo. Wengi tulitarajia afe, na tungemzika kwa heshima. Tatizo ni kwamba saa mia moja zilikuwa zimejenga jibu, na dakika kumi za mwisho zikamweka mgeni wa kulikana jibu hilo bila kupingwa.

Kilichofuata kilizidisha uchungu. Picha za kumalizia zilikuwa karibu zile zile, ukichagua nyekundu, buluu au kijani. Mwanga tu ndio uliobadilika rangi. Normandy ilionekana ikikimbia, ikaanguka kwenye sayari yenye misitu, na wakatoka humo wenzako ambao muda mfupi uliopita walikuwa nawe vitani Duniani, pasipo maelezo ya namna walivyofika. Mitambo mikubwa inayounganisha nyota na nyota ikalipuka. Sasa, aliyecheza sehemu ya ziada iitwayo Arrival, ya mwaka 2011, alikuwa ameshaona kwamba mtambo mmoja ukilipuka unafuta mfumo mzima wa sayari. Akabaki akijiuliza kama ameua kila mtu aliyemwokoa. Kisha kikaja kipande cha mzee akimsimulia mtoto habari za Shepard chini ya anga lenye nyota. Sauti ya mzee huyo ni ya Buzz Aldrin, mtu wa pili kukanyaga mwezi, na ni kipande kizuri. Dakika hiyo hiyo ikatokea notisi ikimhimiza mchezaji aendelee kuikuza hadithi ya Shepard kwa kucheza zaidi na kupakua nyongeza. Baada ya safari ya miaka mitano, machozi hayajakauka, unakumbushwa duka. Notisi ile haikustahili kuandikwa.

Kwa mchezaji wa Kapkatet au Mogogosiek kulikuwa na dhuluma nyingine ambayo magazeti ya ng'ambo yaliigusa juu juu. Nguvu za jeshi ulilolikusanya zilipimwa kwa kiwango cha utayari kilichoanzia asilimia 50, yaani kila ulichokikusanya kilihesabiwa nusu. Ili kukipandisha ulipaswa kucheza na watu wengine kupitia intaneti. Mwaka 2012, intaneti ya vijijini hapa ilikuwa modemu ya kuchomeka na kifurushi kilichokwisha kabla hujakitumia. Mchezaji ambaye alifanya kila kitu sawasawa peke yake, akaokoa kila aliyeokoleka, alijikuta mbali na mwisho ulio bora kwa sababu ya mtandao. Baadaye kiwango kilichotakiwa kilipunguzwa, na Legendary Edition iliondoa kabisa uchezaji wa pamoja, jambo lililostahili kufanywa tangu siku ya kwanza.

BioWare walisikia kelele. Ray Muzyka, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, aliandika Machi hiyo hiyo kukiri kwamba maumivu ya wachezaji yamewafikia, na Juni 26, 2012 wakatoa Extended Cut, nyongeza ya bure yenye ukubwa wa karibu gigabaiti mbili. Iliziba matundu: ikaonyesha namna wenzako walivyorudishwa kwenye Normandy, ikasema mitambo imeharibika lakini inaweza kutengenezwa, ikaonyesha hatima ya mataifa uliyoyasaidia. Ikaongeza pia njia ya nne, ambapo Shepard anakataa zote tatu na kusema anachoamini. Nilifurahi niliposikia habari hizo. Kumbe ukikataa, mtoto anageuka mkali, vita vinashindwa, kila mtu anakufa, na kizazi kijacho baada ya maelfu ya miaka ndicho kinachofaidi. Hatimaye umepewa mdomo wa kujibu, na adhabu ya kujibu ni kufa kwa galaksi nzima. Extended Cut ilikuwa kazi ya heshima, na nawashukuru walioikamilisha kwa miezi michache, lakini ilieleza mwisho mbaya bila kuuponya.

Mashabiki hawakukaa kimya. Baadhi walijenga nadharia ndefu kwamba mtoto yule ni ndoto, kwamba Reapers wameiteka akili ya Shepard na sisi tunaona wanachotaka aone. Nimeisoma nadharia hiyo kwa makini na haikunishawishi. Kilichotolewa baadaye hakiithibitishi. Ila inaonyesha upendo wa watu waliokuwa tayari kumwandikia mwandishi mwisho bora kuliko alioutoa. Wengine walirudi kwenye gemu ya pili, kwenye sayari ya Haestrom ambako jua linazeeka kabla ya wakati wake, na kuuliza fumbo lile lilikwenda wapi. Drew Karpyshyn, aliyeongoza uandishi wa gemu ya kwanza, amewahi kueleza kwamba walikuwa wamewaza mwisho uliotokana na fumbo hilo, lakini haukuwa umekamilika. Katika gemu ya tatu jua la Haestrom liliachwa lizeeke peke yake.

Kuna hoja inayopaswa kujibiwa, kwamba msanii ndiye mwenye kazi yake na msomaji hana amri juu yake. Mwaka 1893 Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes, wasomaji wakakasirika, wengi wakaacha kununua jarida lililochapisha hadithi hizo. Miaka kumi baadaye akamfufua. Mwaka 2019 zaidi ya watu milioni moja walitia saini kutaka msimu wa mwisho wa Game of Thrones uandikwe upya, na haukuandikwa. Naiheshimu haki ya mwandishi kumuua amtakaye. Lakini riwaya haikuniomba niiamue. Mass Effect iliniomba, na ikautumia uamuzi wangu kama tangazo la kuniuzia sehemu ya pili na ya tatu. Aliyewaita watu kwenye kikao, akawasikiliza tangu asubuhi hadi jioni, hawezi kusoma uamuzi aliokuwa amekuja nao mfukoni.

Nalisema hili nikiwafikiria hasa vijana wetu wanaojifunza kuunda gemu. Wesley Kirinya alitoa Adventures of Nyangi mwaka 2007, mwaka ule ule Mass Effect ilipoanza. Andrew Kaggia akaleta Nairobi X mwaka 2015, ambamo viumbe kutoka anga za mbali wanaivamia Nairobi. Katika riwaya, marehemu Katama Mkangi alikuwa ametangulia kitambo: Walenisi, ya mwaka 1995, inampeleka shujaa wake mbali na dunia hii kwa Kiswahili fasaha. Kwa hiyo anga si ya wageni. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga au wa Bomet anayesomea kompyuta na aliyekulia katika nyumba za kampuni ya chai ana hadithi ya watu na mashine ambayo BioWare wasingeweza kuiandika. Namwomba aiandike. Na akifika mwisho, amwachie mchezaji nafasi ya kubishana na yule aliye juu, ashinde au ashindwe kwa hoja yake mwenyewe.

BioWare walitangaza mwishoni mwa 2020 kwamba wanatengeneza Mass Effect nyingine. Hadi itakapofika, ushauri wangu kwa asiyezijua hizi tatu ni kwamba azitafute; ni miongoni mwa masimulizi bora yaliyowahi kuwekwa ndani ya gemu, na dakika kumi mbovu haziwezi kulifuta hilo. Acheze pia nyongeza ya Machi 2013 iitwayo Citadel, ambamo Shepard anawakusanya wenzake nyumbani kwa karamu ya usiku mmoja. Mashabiki wengi huihesabu hiyo kuwa kwaheri ya kweli, nami ni mmoja wao. Akifika Rannoch asiharakishe, awasikilize wote. Mwisho wa hadithi hii ulikuwa umeshaandikwa pale, na ulikuwa mzuri.